Shingo Iliyotengana na Kiwiliwili

Gambusi huchongwa kwa gogo moja. Shingo na tumbo lake ni mti mmoja, na mwenye kuvitenga hana budi kulivunja. Udi huungwa kwa gundi, na shingo yake haing'oki ila kwa jeraha. Gitaa la umeme ndilo lililokuja na ada nyingine. Mnamo mwaka 1950 Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alianza kuuza gitaa la ubao mtupu, lisilo na uwazi tumboni, ambalo shingo yake ilishikizwa kwa parafujo nne tu. Shingo ikiharibika itolewe, nyingine itiwe mahali pake, kama mpini wa jembe.

Mfano huo haumpi taabu mtu wa Ufipa. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walisimamisha matanuri ya udongo, malungu, yenye kimo cha kama mita 3, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, kisha kikafuliwa majembe. Mpini ulioza, jembe likabaki. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini mabaki ya malungu bado humweleza mwenye kujua kusoma udongo na mavi ya chuma. Kitu kilichofanywa kwa mkono hubeba ushahidi wake chenyewe, almuradi asitokee wa kuufuta.

Uwanda huo umekaa penye njia panda ya magitaa. Magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni Katanga, ambako Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, Likasi ya leo. Kusini ni migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako vijana wa Kimambwe walikwenda kutafuta mshahara. Kutoka mashariki redio ya Dar es Salaam ilileta sauti za bendi za dansi. Baada ya uhuru, magitaa mengi ya bendi hizo hayakuwa mali ya wapigaji. Nuta Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mpigaji alipohama, ala aliiacha. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, kilichovunjika kilitiwa kiraka. Katika hali kama hiyo si ajabu shingo ya gitaa moja kuolewa na kiwiliwili cha jingine.

Basi ikiwa shingo ya namna hiyo itaonekana Sumbawanga, imening'inia ukutani peke yake, jambo la kwanza si kuitafutia kiwiliwili bali ni kuisoma. Jina lililobandikwa kichwani ndilo shahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa hubandikwa na yeyote. Shahidi mwenye nguvu yuko kisiginoni, sehemu inayojificha ndani ya kiwiliwili. Hapo mafundi wa Fender waliandika tarehe kwa penseli, na baadaye wakaipiga muhuri. Tarehe hiyo ni ya shingo tu, si ya gitaa zima; na namba ya gitaa, hadi mwaka 1976, ilikuwa kwenye chuma kinachobaki na kiwiliwili. Shingo iliyotengwa, kwa hiyo, imeacha hati yake nyumbani.

Mti nao husema. Shingo za kwanza zilikuwa za mti mweupe mgumu wa Marekani, nyingi zenye mstari mweusi mgongoni palipopitishiwa ufito wa chuma. Tangu mwaka 1958 ukaanza kutiwa juu yake ubao wa mti wa Brazil, ndugu wa mpingo. Mwaka 1962 ubao huo ukapunguzwa unene. Kampuni ikauzwa kwa CBS mwaka 1965, na mwisho wa mwaka huo kichwa cha Stratocaster kikapanuka. Tangu mwaka 1971 shingo ya gitaa hilo ikashikizwa kwa parafujo tatu. Magitaa ya Kijapani ya miaka hiyo, kama Teisco na Guyatone, yana vipimo vyake mbalimbali, na hayapasi kulazimishwa kuwa Fender.

Ndipo kipimo kifuate. Hupimwa kutoka kizingiti cha nyuzi, chini ya kichwa, hadi chuma cha 12, kisha huzidishwa mara mbili. Sentimita 32.4 hudai kiwiliwili ambacho daraja lake liko sentimita 64.8 kutoka kizingitini, sentimita 30.5 hudai 61. Pakikosewa hapo, wimbo utapotoka kadiri mkono unavyopanda. Kisigino cha Telecaster kimekatwa wima, cha Stratocaster kimeviringwa. Shimo la kiwiliwili lazima lilingane.

Kiwiliwili kisipopatikana, huchongwa. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani, miti yake michache. Lakini mninga hupatikana katika misitu ya upande wa Mpanda, na sifa yake ni kutosinyaa sana ukaukapo. Hiyo ni fadhila kubwa katika mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, wenye miezi ya mvua na miezi ya upepo mkavu.

Wanunuzi wa ng'ambo hulipa fedha nyingi kwa shingo za miaka ya 1950 na 1960, na fedha hufundisha uongo: shingo hupigwa tupa ili iingie katika kiwiliwili chochote, tarehe ikafutika, na viwili visivyozaliwa pamoja vikauzwa kuwa pacha. Inapasa kinyume chake. Kiwiliwili ndicho kinyenyekee, kwa kuwa kipya huweza kuchongwa tena, na penseli ya Fullerton haitaandika mara ya pili. Naye fundi wa Sumbawanga, kabla ya kukaza parafujo, na aandike shimoni mwaka, mti na mji. Atakayeifungua ala hiyo siku za mbele atakuta tarehe mbili zinazotazamana gizani, na hakuna hata moja inayodanganya.