Wafaransa wa Bukumbi

Nimepotea kidogo, mnajua tena mambo ya mitihani. Leo naendeleza ubishi wa jana usiku hosteli.

Jamaa mmoja alidai Mapinduzi ya 1789 yalimaliza kila kitu Ufaransa: mfalme nje, Kanisa likanyang'anywa mali, ikaja jamhuri, basi. Nikamwambia, kaka, twende Bukumbi.

Bukumbi ni hapo tu ukishapita Usagara. Mapadre Weupe walifungua misheni pale mwaka 1883. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, Mfaransa wa Bayonne. Wa kwanza walifika Kageye, mwambao huu huu wa Mwanza, mwishoni mwa 1878. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda 17 Februari 1879.

Sasa angalia kwao. Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ikawafukuza Wajesuiti. Mwaka 1882 somo la dini likatolewa shule za msingi za serikali. Mwaka 1905 dola ikatengana rasmi na Kanisa. Yaani zaidi ya miaka 100 baada ya Mapinduzi bado walikuwa wanavutana: mtoto wa Kifaransa ni wa padre au wa mwalimu? Lavigerie mwenyewe aliposimama Algiers mwaka 1890 kuwaambia Wakatoliki waikubali jamhuri, wengi walimnunia.

Kinachoniuma ni hiki. Kule Buganda, Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti Waingereza. Waganda watupu hao! Wakagombania vyeo na ardhi, na tarehe 24 Januari 1892 wakapigana Mengo. Lugard aliwapa bunduki "Waingereza", "Wafaransa" wakashindwa. Watu wakafa wakiitwa kwa jina la nchi wasiyoiona, nchi ambayo kwao ilikuwa inabishana na mapadre wake yenyewe.

Mimi nimebatizwa Ludoviko, jina la wafalme wa Ufaransa. Mmoja wao Wafaransa walimkata kichwa mwaka 1793! Sasa jamani, hilo jina ni la Ufaransa ipi? Jamaa alikaa kimya, halafu akasema: "Ni la Bukumbi." Hapo nikakubali nimeshindwa.

Haya, narudi kwenye madesa. Tuko pamoja.