Mafundi wa Sauti wa Uingereza na Hatima ya Majina Yao

Mtu akipotewa na kitu hukitamani, na akikitamani sana hukipa sifa ambazo pengine kilikuwa nazo na pengine hakikuwa nazo. Ndivyo ilivyo leo kwa vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani vilivyoundwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960. Amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, iliyouzwa dukani miaka sabini iliyopita, hutafutwa, hufutwa vumbi, hutengenezwa upya, na hununuliwa kwa fedha nyingi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoundwa. Wakiulizwa sababu, aghalabu husema kuwa sauti ya zamani ilikuwa na uzuri ambao sauti ya sasa haina. Jibu hilo lina haki ya kupimwa, kwa kuwa walioviunda vyombo vile walikuwa watu wa kupima, wala hawakupenda sifa isiyo na ushahidi.

Kipimo cha chombo cha sauti ni kimoja, nacho ni sauti yenyewe iliyo hai. Jambo hili lilijulikana mapema katika pwani ya Afrika Mashariki. Siti binti Saad na wenziwe walikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri za His Master's Voice, alama ya kampuni ya Kiingereza. Watu wa Unguja waliozoea kumsikia kwa masikio yao waliweza kumsikia tena katika gramafoni, na kutambua lililofika salama na lililopotea njiani. Walakini mtu ambaye hakupata kumsikia mwimbaji hana kipimo hicho. Huletewa sauti iliyosafiri, akaambiwa kuwa ndiyo, na hana budi kumwamini aliyekiunda chombo. Kwa hiyo kazi ya kuunda vyombo vya sauti ilikuwa tangu mwanzo kazi ya dhamana, na historia ya mafundi wa Uingereza ni historia ya namna walivyoipokea dhamana hiyo.

Wa kwanza kutajwa ni Gilbert Briggs. Alizaliwa mwaka 1890 karibu na Bradford, katika Yorkshire, mji uliokuwa ukiishi kwa sufu na viwanda vya nguo. Yeye naye alifanya kazi katika biashara ya nguo mpaka akapita umri wa miaka arobaini. Hakuwa mhandisi wa kusomea. Alikuwa mpenzi wa piano aliyeudhika kwa jinsi piano ilivyotoka vibaya katika redio na gramafoni. Mwaka 1932 alianza kuunda spika katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Ilkley, katika bonde la mto Wharfe, na kwa jina la bonde lile kampuni yake ikaitwa Wharfedale. Mwaka uliofuata alizipeleka spika zake katika mashindano ya chama cha redio cha Bradford. Akapata nafasi ya kwanza, na ya pili pia.

Briggs alikuwa na tabia ya kueleza. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya spika, alichokiandika kwa lugha nyepesi ili mtu wa kawaida apate kujua kwa nini sanduku hili hunguruma na lile husema wazi. Tena hakuona haya kutumia vitu duni pale vilipofaa. Mbao za kasha la spika hutetemeka pamoja na muziki, na mtetemeko huo huchanganya sauti yake mwenyewe na ya mwimbaji. Briggs alichukua mbao mbili nyembamba, akajaza mchanga mkavu kati yake, na mtetemeko ukafa mchangani.

Wa pili ni Harold Leak, aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1934. Amplifaya za siku zile zilikuza sauti na makosa yake pamoja, na ziliongeza makosa yao wenyewe. Mwaka 1945 Leak alitoa amplifaya iliyoitwa Point One, maana yake nukta moja, kwa kuwa upotovu wa sauti ndani yake ulikuwa asilimia 0.1, yaani sehemu moja katika elfu. Aliiweka nambari hiyo katika jina la bidhaa. Hapana shaka ilikuwa njia ya kuuza, lakini ilikuwa na hatari yake, kwa sababu kila mwenye kipimo cha umeme aliweza kuichukua amplifaya na kumsadiki Leak au kumwumbua. Miaka miwili baadaye, 1947, mhandisi D. T. N. Williamson aliandika katika jarida la Wireless World mchoro kamili wa amplifaya ya namna hiyo, kila waya na kila kipande, bila kuficha kitu. Uingereza ilikuwa katika uhaba wa baada ya vita, na watu wengi waliojua kulehemu walikaa mezani kwao jioni wakajiundia.

Wa tatu, na pengine mashuhuri kuliko wote, ni Peter Walker. Alizaliwa mwaka 1916, akaanzisha kampuni yake London mwaka 1936 akiwa kijana wa miaka ishirini. Katika vita karakana yake iliharibiwa na mabomu, na mwaka 1941 akahamia Huntingdon, mji mdogo mbali na London. Huko, mwaka 1953, ilitoka amplifaya ya Quad II. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu kidogo na shaba kidogo, yenye vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa. Nguvu yake ilikuwa wati 15, kiasi ambacho leo chombo cha mezani cha bei nafuu hukipita.

Mwezi wa Novemba 1954 Briggs na Walker walifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi wangeliogopa. Walikodi Royal Festival Hall ya London, ukumbi wa watu wapatao elfu tatu, wakauza tikiti. Jukwaani ziliwekwa spika za Wharfedale na amplifaya za Quad, na karibu yake wakakaa wanamuziki wenye ala zao. Wanamuziki walipiga, kisha muziki huohuo ukatolewa kwa mashine, katika ukumbi uleule, mbele ya masikio yaleyale. Briggs alisimama akaeleza na kutania, na Walker akashika mitambo. Haja ilikuwa watu walinganishe. Kama spika ingekoroma au amplifaya ingezimika, aibu ingewafika wenyewe wakiwa wamesimama pale, mbele ya watu waliolipa nauli na kiingilio. Ukumbi ulijaa, na jaribio likarudiwa miaka iliyofuata. Mwezi wa Oktoba 1955 Briggs alivuka bahari akafanya vivyo hivyo katika Carnegie Hall ya New York.

Ni vema kufahamu kilichotendeka katika kumbi zile. Msikilizaji wa nyumbani, ambaye hana mwimbaji sebuleni, alipewa kwa usiku mmoja kipimo ambacho siku zote hukosa. Mafundi hawakusema kuwa mashine yao imekuwa sawa na kinanda. Walisema njooni msikie umbali uliobaki. Mtu aliyerudi nyumbani baada ya usiku ule akanunua spika, aliinunua akijua upungufu wake.

Walker aliendelea kuupunguza umbali huo. Spika nyingi husukuma hewa kwa karatasi ngumu yenye umbo la pia, nayo karatasi ina uzito, na uzito huchelewa kuondoka na huchelewa kusimama. Pamoja na Williamson, Walker alibuni spika isiyo na karatasi wala sumaku. Utando mwembamba wa plastiki uliwambwa kama ngozi ya ngoma kati ya bamba mbili zenye matundu, ukatiwa umeme tuli wa volti elfu kadhaa. Umeme wa muziki ulipopita katika bamba, utando ulivutwa huku na kusukumwa kule, wote kwa pamoja, na kwa wepesi wake ukatetemeka karibu sawa na hewa yenyewe. Spika hiyo, ESL, ilianza kuuzwa mwaka 1957 ikaendelea kutengenezwa mpaka 1985, na zilizouzwa zilizidi elfu hamsini. Sura yake ilifanana na kipasha joto cha nyumba za Ulaya. Ilikuwa na kasoro zake pia: haikuweza ngurumo nzito za chini, na mtu aliyetaka kutikisa kuta aliiunguza. Lakini sauti ya mtu iliposemwa ndani yake, waliosikia walistaajabu.

Baada ya hapo nyakati zilibadilika. Briggs aliiuza Wharfedale kwa shirika la Rank mwaka 1958, akiwa karibu na umri wa miaka sabini. Leak naye aliiuza kampuni yake kwa shirika hilohilo mwaka 1969. Transista iliiondoa vali, na bidhaa za Japani, nzuri na rahisi, zikajaa madukani. Quad ilibaki mikononi mwa ukoo wa Walker mpaka miaka ya 1990. Mwaka 1997 Quad na Wharfedale zilinunuliwa na IAG, kampuni ya Kichina, na baadaye jina la Leak nalo likaingia katika ghala hilohilo. Majina matatu ya watu waliokuwa mahasimu na marafiki leo yana bwana mmoja, ambaye huunda vyombo vyema na kuvivisha sura ya zamani. Mojawapo ni amplifaya ya Leak ya miaka ya karibuni, iliyofanana kwa makusudi na ile ya mwaka 1963, hata kasha lake la mti wa jozi.

Sasa na turejee kwenye jibu la wenye kuvitamani vyombo vya kale, kwamba sauti ya vali ilikuwa na uzuri uliopotea. Jibu hilo lilipimwa zamani, na aliyetaka lipimwe alikuwa Peter Walker mwenyewe. Katika miaka ya 1970 watu walikwisha kuanza kusema kuwa Quad II ya mwaka 1953 ilikuwa bora kuliko amplifaya zake za transista, ile ya 1967 na ile ya 1975. Fundi mwingine angeliipokea sifa hiyo na kunyamaza, maana ni sifa ya kazi yake. Walker alitaka ushahidi. Mhandisi James Moir alisimamia jaribio: wasikilizaji wenye ujuzi walisikilizishwa amplifaya zote tatu bila kujua ipi ni ipi. Matokeo yalichapwa katika Wireless World mwaka 1978. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Majibu yao hayakupita ya mtu anayebahatisha.

Wapenda vali wengi hawakuridhika, na mpaka leo hawajaridhika. Lakini tukilikubali jaribio lile, hatulazimiki kusema kuwa tamanio lao ni upuuzi. Lazima liwe na shabaha nyingine. Wala shabaha hiyo haiwezi kuwa maisha ya enzi ile kwa jumla, kwa kuwa vyombo vile vilikuwa ghali na viliingia katika sebule za wachache. Leo kijana mwenye simu ya bei ndogo husikia muziki mwingi kuliko aliomiliki tajiri wa mwaka 1955. Hilo ni jema, na ni kukosa shukrani kulisahau.

Kinachokosekana kinaonekana katika mambo yaliyosimuliwa. Jina lililokuwa juu ya chombo lilikuwa jina la mtu, au la kampuni ambayo mtu wake alijulikana, na mtu huyo aliweza kuandikiwa barua, kuulizwa na kulaumiwa. Chombo kilifungulika, mchoro wa nyaya za Quad II ulikuwa ndani ya kitabu chake cha maelezo, na ndiyo sababu fundi wa leo anaweza kuifufua. Juu ya yote, mtengenezaji alikuwa tayari kukiweka chombo chake kando ya ukweli, mbele ya watu, na kukubali hukumu, hata hukumu iliyompunguzia sifa. Chombo kilichofungwa kwa gundi, kisichofunguliwa kikiharibika, chenye jina lililonunuliwa pamoja na majina mengine, chaweza kuimba vizuri kuliko Quad II. Swali ambalo hakijibu ni lile la kale: ni nani anayesimama nyuma ya sauti hii?

Briggs alifariki mwaka 1978, mwaka uleule wa jaribio la Moir. Walker alifariki mwaka 2003. Mafundi wanaokaa usiku kuzilehemu amplifaya zao na kuziwamba upya spika zao hudhani kuwa wanaokoa sauti. Sauti ile imekwisha kupatikana kwa njia nyingine. Wanachokiokoa ni desturi ya kazi inayofunguliwa ikaonekana ndani, na desturi hiyo haihitaji vali. Inaweza kuanzwa tena na fundi yeyote atakayekubali kuandika jina lake juu ya kazi yake, kuonyesha mchoro wake, na kumwalika mnunuzi aje alinganishe.