Turubai la Ubavu: Istilahi na Kazi Yake katika Magari ya Wazi ya Kale

Turubai la ubavu ni kipande cha kitambaa kizito kisichopitisha maji, chenye kidirisha cha kuonea nje, ambacho hufungwa kwa vishikizo kati ya paa la kukunja na ukingo wa bodi ya gari la wazi ili mvua, upepo na vumbi visiwafikie waliomo ndani. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908 na kuundwa hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, liliuzwa kwa wingi katika umbo hilo la wazi, ambalo milango yake haikuwa na kioo chochote. Seti ya maturubai ya ubavu ilikuwa sehemu ya vifaa vya gari, na mvua ilipokaribia ndipo ilipotolewa na kufungwa upande baada ya upande.

Kiingereza hukiita kifaa hiki pazia, jina lililorithiwa kutoka kwa magari ya farasi, ambayo mapazia yake ya ngozi yaliviringishwa chini ya paa na kushushwa hali ya hewa ilipochafuka. Kwa gari la farasi jina hilo lilistahili. Katika Kiswahili, hata hivyo, pazia huning'inia, huvutwa kando na kurudishwa, na kazi yake kuu ni kusitiri macho, ilhali kinachozungumzwa hapa kimewambwa kingo zote, hakivutwi, tena kina dirisha ili macho yasizuiwe. Neno turubai lafaa zaidi, kwa kuwa tayari ni jina la kitambaa kinachofunika shehena ya lori na kinachoshushwa kandoni mwa bajaji wakati wa mvua. Ubavu nao umechaguliwa badala ya pembeni, kwa sababu pembeni huweza kueleweka kuwa kwenye kona, lakini ubavu wa chombo, kiwe cha majini au cha barabarani, haukosewi. Kitenzi kinachoambatana na istilahi hii ni kuvika: gari huvikwa maturubai, na jua likitoka huvuliwa.

Uvikaji wenyewe huanzia juu, yaani kwenye paa. Paa la kukunja hushikiliwa na matao ya mbao au ya chuma, na matao hayo yakiinama mbele au nyuma hata kidogo, vishikizo vyote vya juu huhama pamoja nayo, kiasi kwamba turubai lililokatwa kwa usahihi kabisa halitafika lilikokusudiwa. Kwa hiyo fundi makini hakati kitambaa cha ubavu kabla paa halijawambwa na kutulia. Baada ya hapo hutengeneza kiolezo cha karatasi ngumu au cha kitambaa cha bei nafuu, milango ikiwa imefungwa, na hufanya hivyo kwa kila ubavu peke yake, maana gari lenye umri wa karne moja, ambalo kiunzi chake cha mbao kimelegea na kurekebishwa mara nyingi, ni nadra kuwa na pande mbili zinazolingana.

Jambo linaloamua kama gari litabaki kavu ni jinsi kingo zinavyopishana. Ukingo wa nyuma wa turubai la mbele hulazwa juu ya ukingo wa mbele wa turubai linalofuata, ili upepo wa mwendo upite juu ya kiungo badala ya kukifumua; na pindo la chini huangukia nje ya bodi, kama makuti ya paa yanavyolazwa, ili maji yateremke nje yasiingie kwenye viti. Fundi hufunga kwanza vishikizo vya juu, kisha vya mbele, ndipo huvuta kitambaa kwa wastani na kutia alama ya chaki pale kila kichwa cha kishikizo kinapogusa. Kitambaa kikivutwa kupita kiasi, baridi itakapokikaza mishono itachanika kuanzia matunduni.

Vishikizo vyenyewe ni vya namna kadhaa. Kishikizo cha kugeuza kina kichwa cha mviringo mrefu kinachopenya tundu la umbo hilohilo na kugeuzwa robo duara. Kile cha kuinua, kilichopata umaarufu kupitia kiwanda cha Carr Fastener cha Massachusetts nchini Marekani, hujifunga pande tatu na kufunguka upande mmoja tu, uliotiwa alama ya nukta. Kwa hiyo hupachikwa ili mvuto wa kitambaa uangukie upande uliofungwa na kidole kifikie ule wenye nukta. Kukipachika kinyume ni kosa linalofanya turubai zima lijifungue gari likienda kasi.

Maturubai ya mwanzo yalifunika mlango na nguzo kwa pamoja, hata abiria akalazimika kufungua vishikizo kabla ya kushuka. Tatizo hilo liliondolewa na ufito wa chuma ulioshonewa ndani ya turubai na kuchomekwa kwenye tundu la mlango, hivyo turubai likafunguka pamoja na mlango. Upande wa dereva uliongezewa upenyo wenye kifuniko, ambamo alipitisha mkono kuashiria kwamba anakata kona.

Vidirisha vya awali vilikuwa vya ulanga, yaani madini ya tabaka angavu kama yale yaliyochimbwa katika milima ya Uluguru, kisha vikawa vya seluloidi. Seluloidi ni nyepesi na hupindika, lakini hugeuka manjano, hupasuka kwa baridi na hushika moto upesi, ndiyo sababu warekebishaji wa leo hutumia plastiki laini angavu. Turubai lenye kidirisha halikunjwi kupitia kidirishani. Huhifadhiwa likiwa limelazwa bapa, na kitambaa laini kati ya tabaka na tabaka.

Mwaka 1919 takriban magari tisa kati ya kumi ya Marekani yalikuwa ya wazi. Kufikia 1927 yaliyofunikwa yalikuwa yamezidi manane kati ya kumi, na turubai la ubavu likabaki kwa magari machache. Uingereza ililiendeleza katika magari ya michezo, ila kwa umbo jingine: kidirisha cha plastiki ngumu ndani ya fremu ya chuma, kinachokazwa mlangoni kwa skrubu. Gari mojawapo la aina hiyo, MGA ya wazi, iliyoundwa kati ya 1955 na 1962, lilikuwa na vidirisha hivyo, na kwa kuwa mlango wake haukuwa na kitasa cha nje, mtu aliingiza mkono kupitia kidirisha ili kuufungua. Kifaa hicho hakikunjiki wala hakiwambwi, na kukiita turubai ni kukichanganya na kingine. Kiambaza cha ubavu ndiyo istilahi inayokifaa.