Mto Ulionyimwa Mafuriko: Kutoka Hale Hadi Pangani kwa Baiskeli

Mto Pangani una chanzo zaidi ya kimoja. Tawi lake la kwanza, Kikuletwa, hukusanya maji ya mlima Meru na ya ubavu wa kusini wa Kilimanjaro. La pili, Ruvu, hutoka mashariki ya Kilimanjaro na kupitia ziwa Jipe lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Matawi hayo hukutana Nyumba ya Mungu, kisha mto huteremka ukiwa na milima ya Upare na Usambara kwa upande mmoja na nyika kwa upande wa pili, ukapokea Mkomazi na Luengera katika nchi ya Korogwe, ukafika Hale, na hapo nchi hukatika na maji yakaanza kuanguka. Urefu wake wote ni kama kilomita 500. Wazee wa Kizigua na wa Kibondei waliuita Luvu. Pangani ni jina la mji ulioko mdomoni mwake, na sisi watu wa pwani, kama ilivyo ada yetu, tumeupa mto mzima jina la mlango tunaouona sisi.

Ndugu msomaji, jina hilo limetuharibia fikira kidogo. Limetufanya tudhani kwamba mto ni mali ya mdomoni, hali ya kuwa mambo yake karibu yote huamuliwa juu, mbali na macho yetu.

Nimeuchagua mwendo wa baiskeli katika kuusimulia, kwani aliye ndani ya basi la Tanga huvuka daraja la mto hapo Hale kabla hajamaliza kumenya chungwa, na aendaye kwa miguu huchoka kabla ya kuona kitu cha pili. Tena baiskeli ndicho chombo cha bonde hili. Wakata mkonge waliinunua kwa mshahara wa miezi, wauza machungwa wa Muheza na wachoma mkaa waliipakia mpaka ikawa haionekani, na walimu wa vyuoni waliipanda kutoka kijiji hata kijiji, juzuu zimefungwa kwa kitambaa nyuma ya kiti. Kwanza ilikuwa Raleigh ya Kiingereza, kisha Phoenix ya Kichina. Siku hizi vijana wana pikipiki, lakini katika njia za mashambani baiskeli haijaondoka.

Mkonge wenyewe una kisa chake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi nzima kuanzia Tanga hata Korogwe na mbele yake ikageuka mistari ya mkonge. Reli iliyoanza Tanga mwaka huohuo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Hale ikawa kituo njiani. Baadaye mkonge ukataka mashine, na mashine zikataka nguvu.

Hapo ndipo watu walipoyatazama maporomoko kwa jicho jingine. Katikati ya miaka ya 1930 Waingereza walijenga kituo cha umeme kwenye Maporomoko ya Pangani, chini kidogo ya Hale, kwa ajili ya mji wa Tanga na viwanda vya mkonge. Mwaka 1964 kikafunguliwa kituo cha Hale chenyewe, cha megawati 21, ambacho mashine zake zimewekwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Kisha mwaka 1995 kikakamilika kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, cha megawati 68, kwa msaada wa Finland, Norway na Sweden. Mpanda baiskeli anayeteremka kandoni wakati wa kiangazi ataona ajabu: mto unaingia ndani ya ardhi kwa njia ya watu, na pale ulipokuwa ukipita kwa njia yake wenyewe yamebaki mawe makubwa meupe na vidimbwi. Mimi sisemi kwamba ni vibaya. Umeme huo umewasha taa za misikiti yetu na kupandisha maji kwenye birika zetu, na mtu hawezi kutawadha kwa maji ya bomba kisha akalaani pampu. Nasema tu kwamba mto wenye kutumika hivyo una hesabu, na hesabu hiyo haianzii Hale.

Huanzia Nyumba ya Mungu. Jina hili humtia mtu haya kidogo akikumbuka kwamba ni jina la bwawa la saruji na udongo, lakini ndilo jina la mahali. Bwawa lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 pale matawi mawili yanapokutana, nalo likijaa hushika mita za ujazo zaidi ya milioni 1,000. Shabaha yake ilikuwa kuyazuia mafuriko ya masika, kuyaweka maji, na kuyatoa kidogo kidogo ili vituo vya chini visikauke wakati wa kiangazi. Tena likawekewa mashine zake za megawati 8. Samaki walijaa kupita kiasi katika miaka ya mwanzo, watu wakahamia ufukweni kutoka kila upande, na kisha samaki wakapungua sana, kama ilivyo desturi ya mabwawa mapya.

Lakini chini ya bwawa hilo palikuwa na kitu ambacho wahandisi hawakukihesabu kuwa ni kazi ya mtu, kwa kuwa hakikujengwa na mtu. Ni kinamasi cha Kirua. Kila masika mto ulikuwa ukipanda, ukavunja kingo zake na kutandaa katika mafunjo na matete kwa eneo kubwa mno. Aliyekiona akasema ni maji yaliyopotea. Kumbe hayakupotea. Kinamasi kilikuwa kikiyanywa mafuriko kama sifongo, kikayaachilia polepole miezi ya jua. Humo kambale na perege walizalia, ng'ombe walipata majani nyika ilipokauka, na maji yaliporudi yaliacha tope ambalo mkulima alipanda bila ya mbolea. Yaani kile bwawa lilichojengewa, kuzuia na kutoa kwa kipimo, kinamasi kilikuwa kikikifanya tangu zamani, ila hakikuzungusha mashine.

Baada ya bwawa, mafuriko ya kila mwaka yakakoma. Kirua ikapungua sana, na mto ukabaki ndani ya mfereji wake isipokuwa miaka ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Wavuvi wa kinamasi wakawa wakulima, na wakulima wakalima karibu zaidi na maji, kwani hofu iliondoka. Na hofu kuondoka kuna hatari yake. Bwawa linashika maji ya Kilimanjaro na Meru peke yake, ama Mkomazi na Luengera huingia chini yake, nazo hazina wa kuzizuia. Kwa hiyo mtu wa Korogwe au wa Hale anaweza kuambiwa kwamba mto umefugwa, na usiku huohuo akaamshwa na maji ya Usambara.

Waarabu wa kale walikuwa na habari kama hii. Bwawa la Maarib huko Yemen lilinywesha nchi ya Saba kwa karne nyingi, likapasuka zaidi ya mara moja. Abraha alilitengeneza katika miaka ya 540, na katika karne hiyo ya sita likavunjika kabisa, makabila yakatawanyika. Habari ya mafuriko ya watu wa Saba imo katika sura yenye jina lao, kila mtoto wa chuoni ameipita. Mara nyingi tunaisomesha kama habari ya adhabu tu, wala hatumweleze mtoto kwamba bwawa huvunjika pia kwa kujaa tope na kwa kuachwa bila ya matengenezo.

Sasa, wa juu na wa chini, nani ana haki zaidi? Katika miaka ya 1990 suala hili liligombewa waziwazi katika bonde letu. Wenye mashine walitaka maji yateremke. Wenye mifongo ya Uchagani na ndiva za Upare wakasema babu zao walichimba mifereji hiyo kabla ya kuwako taa. Wakubwa wakadai hati za maji chini ya sheria ya mwaka 1974, na mkulima mdogo akashangaa kuambiwa alipie maji ambayo aliyakuta yakipita shambani. Katika fikihi mlango huu si mgeni. Zubeir bin Awwam na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya mfereji huko Madina, na Mtume (S.A.W.) akahukumu kwamba aliye juu anyweshe kwanza, kisha amwachilie jirani yake, na wanachuoni wakakipima kiasi cha kuzuia, wakasema ni kufika vifundo vya miguu. Kwa hiyo wa juu ana haki ya kutangulia, si haki ya kumaliza. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 imekwenda njia iliyo karibu na hiyo: imetanguliza maji ya kunywa na ya nyumbani, ya pili ikaweka maji ya kuuhifadhi mto wenyewe na viumbe wake, na shughuli nyingine zote zikafuata. Sheria ya maji ya mwaka 2009 ikayatia nguvu hayo. Kwenye karatasi, basi, mto una fungu lake. Utekelezaji ni habari nyingine, maana kiangazi kikikaza, fungu la asiyesema ndilo linaloguswa mwanzo.

Kutoka Hale njia hushuka kwenye mkonge, michungwa na minazi. Upepo hubadilika, kisha udongo. Huku chini, katika karne ya 19, kandoni mwa mto palikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu wa Pangani, na sukari yake ilisafirishwa kwa majahazi. Lazima isemwe pia kwamba ililimwa kwa migongo ya watumwa, na baadhi ya wenye mashamba hayo walikuwa wakisali sala tano. Bushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani akanyongwa hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa. Muwa hauvumilii chumvi. Kustawi kwake ni ushahidi kwamba maji matamu yalikuwa na nguvu ya kuisukuma bahari nje.

Leo bahari ndiyo inayosukuma. Maji ya mto yakiwa machache, maji kujaa yanaingiza chumvi mbali zaidi ndani, na wanaoumia ni wenye minazi, mpunga na visima kandoni mwa mto. Wala tope halifiki kama zamani, kwani mabwawa hushika tope kabla ya maji. Pale mjini ukingo umekuwa ukiliwa, hata ikalazimu kujengwa ukuta wa kuzuia bahari. Na mbele ya mji, kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti na kilichokuwa mazalio makubwa ya kasa, kilipoteza miti yake yote ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji makubwa. Kasa wangali wanakuja kutaga kwa mazoea yao, na watu huyahamisha mayai hadi pwani ya Ushongo ili yasioze. Sababu za Maziwe ni nyingi na mto haustahili kubeba lawama yote.

Waholanzi nchi yao ni mdomo wa mito mitupu. Mwaka 1421 bahari na mito vilimeza vijiji vyao vingi, na mahali hapo pakawa kinamasi kiitwacho Biesbosch. Mwaka 1953 wakafa watu 1,836 kwa usiku mmoja wa dhoruba, wakaapa kuifungia bahari. Mwaka 1970 wakafunga mlango wa Haringvliet, na kinamasi kikakosa kujaa na kupwa, kikadhoofu. Kisha mwaka 1995 mito ikapanda kutoka nyuma, watu kama 250,000 wakahamishwa. Hapo wakafahamu kwamba kuinua kuta kila mwaka hakuna mwisho, wakaanza kuupa mto nafasi yake. Mahali paitwapo Noordwaard walizishusha kuta, wakawalipa na kuwahamisha waliotaka kuhama, wakawainulia nyumba juu ya vilima waliobaki, na tangu 2015 mafuriko yanaruhusiwa kupita hapo. Ndege wamerudi, na watu hupita juu ya kuta zilizobaki kwa baiskeli, jambo ambalo Mholanzi hahitaji kuhimizwa. Mwaka 2018 hata ule mlango wa Haringvliet wakauacha wazi kidogo, samaki wapite.

Walikuwa na fedha, kweli. Ila kilichonivutia katika habari yao ni malipo. Aliyepoteza shamba ili mji wa jirani usizame hakuambiwa asubiri thawabu tu. Katika bonde letu, mvuvi wa Kirua na mwenye mnazi uliokufa kwa chumvi wamechangia umeme wa nchi tangu miaka ya 1960, na sijapata kuona mahali mchango wao umeandikwa.

Kilichofanywa kwetu ni mikoko. Mikoko ya nchi hii ilikatwa boriti kwa karne nyingi zikaezekea nyumba za Arabuni, mpaka ukataji ukapigwa marufuku mwaka 1987. Kuanzia 1994 mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga ukawaingiza wanavijiji wenyewe katika kulinda na kupanda. Kazi hii ina elimu yake. Mkoko una mahali pake, mkandaa pake, mchu pake, na mlilana husimama mbele kabisa panapopigwa na mawimbi. Mwenye kuchomeka mbegu za mkoko mmoja kila mahali kwa ajili ya picha atarudi baada ya mwaka akute vijiti. Na pale penye tope jipya na maji matamu ya kutosha, mikoko huota bila ya kupandwa na mtu. Wazee wa Bweni, ng'ambo ya mji, walipoulizwa na wapandaji waanzie wapi, walionyesha kwa mkono upande wa juu, mto unakotoka.