Msitu Hukatwa Kwanza kwa Kalamu

Kila Ijumaa serikali ya Kenya huchapisha gazeti ambalo karibu hakuna mtu wa rika letu analisoma. Halina picha, halina michezo, halina udaku. Linaitwa Kenya Gazette. Ndani yake utakuta uteuzi wa wakurugenzi, watu waliopoteza hati za ploti zao, na mali za marehemu zinazosubiri mirathi. Ukilifungua usiku, utalala haraka. Lakini kama unataka kujua misitu ya hii nchi ilienda wapi, usianzie msituni. Anzia hapo.

Tumezoea kusimuliwa habari ya misitu kwa sura zilezile: mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni, mchoma makaa na gunia lake, mchungaji na mbuzi wake. Hao ndio huwekwa kwenye mabango. Sisemi makaa hayamalizi miti, yanamaliza. Ila mchoma makaa hawezi kuufuta msitu kwenye ramani. Akimaliza kukata, msitu bado ni msitu kisheria, na miti inaweza kurudi. Anayeufuta kabisa, hata pasibaki mahali pa mti kurudi, ni mtu aliyevaa tai, ameketi ofisini, na shoka lake ni kalamu.

Mambo haya hayakuanza na sisi. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902, reli ikiwa imefika Ziwa Victoria mwisho wa mwaka uliotangulia. Treni zilichoma kuni, na mji uliokuwa ukikua ulitaka mbao. Kwa hivyo mkoloni hakuja kulinda miti kwa kuipenda. Alitaka kuamua nani aikate na nani asiikate. Akachora mipaka, akachapisha tangazo, na watu waliokuwa wakichunga, wakitega mizinga na kuchimba dawa humo wakalala wenyeji wakaamka wavamizi. Hakuna aliyehama hata hatua moja. Karatasi ndiyo iliyohama.

Karura na Ngong Road, misitu ya Nairobi tunayoijua kwa matembezi na picha za Instagram, ilitangazwa rasmi mwaka 1932. Na hapa ndipo hesabu inaanza kuuma. Ngong Road ilipotangazwa ilikuwa na karibu hekta 2,900. Leo imebaki kama hekta 1,200 na kitu. Zaidi ya nusu imeenda, na haikuenda kwa moto wala ukame. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri ulikatwa humo. Makaburi ya Lang'ata, humo pia. Shule, makanisa, mitaa ya makazi, vyote vilichukua kipande. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa na maana. Wafu lazima wazikwe mahali. Lakini ndivyo msitu unavyoliwa: kila kipande kina sababu yake nzuri kikitazamwa peke yake, halafu siku moja unajumlisha na kukuta nusu imekwisha.

Ilikuwaje rahisi hivyo? Jibu liko kwenye Sheria ya Misitu, Sura ya 385, iliyoandikwa wakati wa ukoloni mwaka 1942 na ambayo Kenya huru iliirithi. Chini ya sheria hiyo, waziri alihitaji tu kuchapisha kwenye gazeti la serikali kwamba ananuia kubadilisha mpaka wa msitu. Baada ya siku 28, imekwisha. Bunge halikuulizwa. Jirani wa msitu hakuulizwa. Kama hukuliona tangazo Ijumaa hiyo, shauri yako. Muda wa msitu uliochukua karne kujiotesha ulikuwa mfupi kuliko mwezi mmoja wa kodi ya nyumba.

Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera na wimbo wa taifa. Kifungu hicho hatukukigusa. Mbona wakubwa wangekigusa? Kilikuwa kitamu.

Utamu wenyewe ulionekana wazi miaka ya tisini. Siasa za vyama vingi zilikuwa zimerudi, uchaguzi ulikuwa ghali, na ardhi ya umma iligeuka sarafu ya kuwalipa marafiki. Humpi mtu pesa, unampa barua ya ploti. Yeye anaiuza kwa kampuni, kampuni inaiuza kwa mjenzi, na kufikia hapo kila mmoja anajiita mnunuzi asiye na hatia. Hivyo ndivyo Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 unaopakana na makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, ulivyogawiwa kimyakimya kwa makampuni ya watu binafsi. Mwaka 1998 watu waliona miti ikiangushwa na mashine zikiingia.

Wangari Maathai alikuwa ameshapigana vita kama hivyo. Mwaka 1977 aliwaanzishia wanawake harakati ya kupanda miti, Green Belt Movement. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa. Kwa hivyo alijua mchezo: ukipinga kwa barua, nawe utajibiwa kwa kimya. Lazima ufike mahali penyewe, na wapiga picha wafike nawe.

Oktoba 1998 yeye, wanaharakati na wabunge wa upinzani waliingia Karura. Miche ikapandwa palipofyekwa, na mashine za wajenzi zikachomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi kupanda mti langoni. Waliwakuta walinzi wa kukodiwa wenye rungu, viboko na panga, na waliwapiga watu vibaya. Maathai alipasuliwa kichwa. Alienda kituo cha polisi cha Muthaiga akiwa anavuja damu, na alipotakiwa kutia sahihi kwenye taarifa yake, aliitia kwa damu hiyo. Ebu fikiria. Nchi nzima ilikuwa ikiibiwa kwa sahihi za wino, na yeye akaweka ya aina yake kwenye karatasi ileile ya serikali.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo husahaulika, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwisho wa Januari 1999 wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa sababu ya Karura. Walipigwa, vitoa machozi vikarushwa hadi ndani ya kampasi, na Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta vikafungwa. Mimi chuo nilikiacha njiani, na katika muda wote niliokaa darasani hakuna mhadhiri aliyewahi kututajia kwamba watu wa umri wetu walifukuzwa mabwenini kwa ajili ya msitu ambao wengi wao hawakuwa hata na nauli ya kwenda kuutembelea. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ikapona.

Lakini kalamu haikuwekwa chini. Sheria ilikuwa bado ni ileile, siku 28 zilezile. Februari 2001 matangazo yakatoka kwenye Kenya Gazette: serikali inanuia kutoa zaidi ya hekta 67,000 za misitu kwa mkupuo mmoja. Hizo ni zaidi ya Karura 60. Takriban nusu yake ilikuwa Mau Mashariki.

Mau si msitu wa picha tu. Ndio mkubwa kuliko yote katika ile minara mitano ya maji ya Kenya, mingine ikiwa Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Mlima Elgon. Mto Mara, ule ambao nyumbu huvuka na watalii hulipa dola kuutazama, unaanzia huko. Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, unaanzia huko. Njoro, unaoingia Ziwa Nakuru, vilevile. Miti ya juu hushika mvua kama sponji na kuiachilia polepole. Ukiiondoa, mvua ileile inashuka kwa fujo siku moja, halafu mto unabaki mawe. Mtu wa Narok hahitaji mtaalamu kumweleza hilo. Ameona mafuriko na ukame vikipokezana zamu mjini kwake.

Na walionufaika ni nani? Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha muundo: jina la maskini asiye na ardhi linatumika mlangoni, na mwenye nafasi anaingia nalo. Maskini wengine walipewa kweli, na hati miliki mkononi. Miaka baadaye, serikali ilipoamua kuiokoa Mau, baadhi yao walitolewa, na hati zao sasa hazikuwa na maana. Karatasi iliyowaingiza ndiyo iliyowageuka.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi wapenda mazingira wa mjini huliruka. Kalamu inayolinda msitu nayo imewahi kuumiza. Waogiek wameishi Mau kwa nyuki na asali tangu kabla hakujawa na kitu kinachoitwa Kenya. Mkoloni alipotangaza msitu wao kuwa hifadhi, wakawa wahalifu nyumbani kwao. Serikali huru ikaendelea kuwafukuza, safari hii kwa jina la uhifadhi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba uhifadhi haukuwa sababu ya kuwafukuza. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Halafu mwanzoni mwa Novemba 2023, nyumba za Waogiek zikabomolewa tena, Sasimwani, kaunti ya Narok. Tarehe 13 ya mwezi huohuo nchi nzima ilipewa sikukuu ya kupanda miti. Wewe ulipanda mche ukapiga selfi. Huko Mau watu waliojua majina ya miti yote walikuwa wakilala nje.

Kuna yaliyobadilika, tusikatae. Sheria ya 2005 iliondoa zile siku 28 za waziri na kuleta Bunge na maoni ya umma. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema miti imefika asilimia 12.13. Tukapiga makofi. Ila soma mstari unaofuata: misitu yenyewe ni asilimia 8.83. Mikaratusi ya shambani kwa mjomba inaingia kwenye hesabu ya kwanza, na ni miti kweli, lakini hailishi Mto Mara. Miti bilioni 15 tunayoahidiwa kufikia 2032 inaweza kupandwa yote na bado tukapoteza msitu, kama mipaka itaendelea kusogezwa.

Na kusogezwa bado kunajaribiwa. Mwaka 2021 mswada uliletwa kuondoa ulinzi wa Bunge kwenye mipaka ya misitu. Kelele zikapigwa, haukupita. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba zaidi ya ekari 50 za Karura, ileile Karura iliyomwagiwa damu, zinatakiwa kwa upanuzi wa barabara ya Kiambu. Green Belt Movement ikaenda kortini. Sababu safari hii ilikuwa nzuri, barabara. Sababu huwa nzuri kila mara. Muulize aliyezikwa Lang'ata.

Mwaka huohuo wa 2024, vijana wa Kenya walifanya jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia: waliusoma Mswada wa Fedha. Kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, kwenye TikTok na kwenye matatu. Waliusoma kwa sababu ulikuwa unagusa mkate na simu zao. Mpaka wa msitu unagusa maji ya bomba, umeme, bei ya sukuma wiki na kama barabara yenu itageuka mto mwezi wa nne. Tofauti ni kwamba tangazo lake halina kelele. Liko ukurasa wa katikati, kwa maandishi madogo, chini ya hati ya mtu iliyopotea, na Kenya Gazette siku hizi iko mtandaoni. Toleo jipya linatoka Ijumaa.