Redio Ilivyoingia Ndani ya Chipu

Nyumba inayojiendesha ilikuwapo kabla ya Bluetooth. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, ilibuni mfumo wa X10, uliopitisha amri za kuwasha na kuzima taa katika nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Haukuhitaji waya mpya, ila kelele za umeme ziliweza kuipoteza amri njiani bila mtumaji kujua.

Kilichokosekana ni ubongo wa bei nafuu. Mikrokontrola, yaani chipu moja iliyobeba kichakataji, kumbukumbu na njia za kupokea na kutoa ishara, ilikuwapo tangu miaka ya 1970, lakini zile zilizoweza kuandikwa upya zilifutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha cha kioo, kazi iliyochukua dakika kadhaa kila programu ilipokosewa. Chipu ya PIC16C84 ya mwaka 1993, ambayo programu yake ilifutwa kwa umeme, iliondoa adha hiyo, na bodi ya Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikawafungulia mlango hata wasiosomea elektroniki.

Redio, hata hivyo, ilibaki kifaa cha pembeni. Bluetooth ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, ili kuchukua nafasi ya nyaya fupi baina ya vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 moduli za Kichina za HC-05 na HC-06 zikaileta kwa mafundi kwa dola chache tu. Urahisi huo ulikuwa na masharti yake, kwani pini yao ya kupokea data ilitaka volti 3.3 ilhali Arduino Uno ilitoa volti 5, hivyo fundi makini aliweka rezista mbili kuigawa volti hiyo. Tena moduli hizo zilitumia Bluetooth ya zamani, ambayo iPhone haikuiruhusu kwa mawasiliano na moduli kama hizo, jambo ambalo wengi walilijua baada ya kununua. Toleo la 4.0 la mwaka 2010 lilileta Bluetooth ya nishati ndogo, inayokiwezesha kihisi kudumu miezi mingi kwa betri ndogo ya duara.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Chipu yake ya ESP8266, iliyoenea mwaka 2014, ilikuwa na Wi-Fi pekee, lakini ESP32 ya mwaka 2016 iliunganisha kichakataji, Wi-Fi na Bluetooth za aina zote mbili katika chipu moja, na tangu hapo kununua bodi na moduli kando kando kwa mradi mpya mara nyingi ni hasara isiyo na sababu. Hata hivyo, jina la ukoo huo halitoshi kuwa dhamana: ESP32-C3 ina Bluetooth ya nishati ndogo pekee, na ESP32-S2 haina Bluetooth kabisa.