Mgema na Kibuyu Chake

Waandishi wengi wa habari za Pwani wamehesabu ulevi wakasahau kazi. Katika Uzaramo, nchi ya Kurui, Kisarawe na Kibaha, tembo la mnazi halipikwi wala halitiwi hamira. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akachonga ncha ya karara kwa kotama, maji yake matamu yakadondoka kibuyuni. Uchachu huanzia humo humo, katika mabaki ya jana. Kwa hiyo kibuyu ni nusu ya ufundi: kikiachwa na mashapo, tembo tamu huwahi kuwa kali, na baada ya siku chache huwa siki. Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza katika miaka ya 1860 kwamba siki ni kazi ya vijidudu hai. Mgema hakuviona, bali alivijua kwa harufu, akasuuza kibuyu na kukikausha.

Uislamu ulipoenea, wengi waliacha tembo kali. Lakini tembo liliendelea kuumua unga wa vitumbua, na mpishi (huyo hadanganyiki) aliutambua uchafu wa kibuyu katika ladha ya kitumbua. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilishughulikia leseni za wauzaji. Elimu ya kibuyu ilibaki kwa wagema, baba akimfundisha mwana chini ya mnazi.